Sifa za Mpira wa Polepole

Msimu mpya wa kriketi ukikaribia, makocha huwa na kilio kimoja: warushaji wa kasi hatuna. Mmoja bega linamsumbua, mwingine kachukuliwa na timu yenye hela, wa tatu ana kasi ya kutisha ila mpira wake haujui wiketi iko wapi. Wanabaki wale wanaorusha taratibu, nao hutajwa kwa sauti ya msibani. Mimi leo nasimama kuwatetea, tena nasimama Warwick Junction, Durban, mahali ambapo mtu akienda polepole anaonekana amekosa adabu.

Hapa treni za stesheni ya Berea, mabasi na teksi za abiria, yaani daladala za kwao, hukutana, na inakadiriwa watu 460,000 hupita kwa siku. Hata barabara ya Warwick, ambayo sasa imepewa jina la Julius Nyerere, haina hata chembe ya utulivu wa Mwalimu. Lakini watazame wapishi wa vichwa vya ng'ombe. Kichwa kinatokota saa baada ya saa. Dereva mwenye njaa apige honi mpaka betri imwishie, nyama haitoki sufuriani kabla haijaachia mfupa. Ikishaachia, kisu kinapita ubaoni, inanyunyiziwa chumvi, na dereva yule yule anakula kwa heshima zote.

Mpira wa polepole una jeuri hiyo hiyo, na fadhila yake kubwa ni ufukara. Mpira wa kasi humkopesha mpigaji nguvu: anaugusa tu, wenyewe unakimbilia mpakani. Wa polepole haumkopeshi mtu kitu. Anayetaka mikimbio alete nguvu zake, na ni katika kuzitafuta ndipo anapojikwaa. Tena hauna gharama. Hatua chache, mkono unazunguka, vidole vinausokota kidogo, kwisha. Mrushaji anaweza kuwa na kitambi. Anaweza kuwa na wajukuu. Wapenzi wa kasi mjini Durban wana imani ya miaka mingi kwamba bahari ikijaa, uwanja wa Kingsmead huwapa msaada. Mrushaji wa polepole hana haja ya kuuliza kama maji yamejaa au yamekupwa.

Ushahidi uko Kingsmead hapo hapo, si mbali na masufuria. Kenya ilikwenda Kombe la Dunia la 2003 bila mrushaji wa kumnyima mtu usingizi. Ikamwita Asif Karim, mtoto wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa nahodha katika Kombe la 1999 kisha akastaafu. Anatumia mkono wa kushoto, na haraka hana. Tarehe 15 Machi akakabidhiwa mpira mbele ya Australia, mabingwa wa dunia, waliokuwa wakitafuta 175 tu. Akarusha mipira 50, akatoa mikimbio 7, akaondoka na wiketi 3: nahodha Ponting, Lehmann na Hogg. Katika ova zake nane na ushei, sita hazikutoa hata mkimbio mmoja. Wanaume waliozoea mipira ya kupita masikioni walisimama wakiungoja huu ufike, na kungoja hawakuwa wamefundishwa.

Mpinzani wangu atasema Australia walishinda. Walishinda, kwa wiketi tano. Atasema pia kwamba siku tano baadaye, kwenye nusu fainali, uwanja ule ule, India walipata 270 na Kenya ikalala kwa mikimbio 91. Hapo msifu mwenye akili hukohoa, akaomba maji ya kunywa.

Akishakunywa, hukumbusha jambo moja: mchezaji bora wa mechi ya tarehe 15 alikuwa Karim, kutoka timu iliyoshindwa. Basi kocha unayehangaika na simu usiku kucha ukitafuta kijana wa kasi kabla msimu haujaanza, pumzisha simu. Kamtafute mstaafu mmoja mtaani kwenu, mpe mpira mkononi, na umri wake usiuulize.