Mtoto Hajazaliwa, Kitanda Kimeshaleta Kesi

Shangazi wa mke wangu anaishi Muscat, na ana mkono wa kutoa. Aliposikia kwamba mtoto wa kaka yake ni mjamzito, alikifunga kitanda walicholala wanawe wote, akakipakia melini pamoja na halua, sufuria na vitambaa, vikaja Dar es Salaam. Kitanda kilifika kwetu Temeke kimeviringishwa kwenye mablanketi. Kilikuwa cheupe, kizuri, na ubavu wake mmoja ulishuka na kupanda kwenye reli za plastiki ili mama asiiname sana anapomlaza mwanawe. Mama mkwe, aliyekuwa ameshakuja kutoka Tanga kumsubiri mjukuu, alikishika akasema, "Mashallah, hiki sasa ndicho kitanda."

Ubavu ule unaoshuka ndio uliotuletea kesi.

Shemeji alikiunganisha usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Bolti mbili hazikuonekana kwenye mfuko, labda zilidondoka safarini, naye akazifidia kwa waya wa kufungia nondo. Asubuhi mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na kitanda. Alipoushika ubavu ule ili ainuke, ukateremka upande mmoja tu. Kona moja ikabaki juu, ya pili ikachomoka kwenye reli, na kati ya godoro na ubavu likaachama pengo pana juu na jembamba chini. Mama mkwe hakuumia. Mke wangu aliliangalia lile pengo kwa muda, akaingiza ngumi yake, ikapita. Akasema, "Mwanangu halali humu."

Hofu yake ilikuwa na msingi mzito. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama wa bidhaa ilihesabu watoto wasiopungua 32 waliokufa tangu mwaka 2000 katika vitanda vya ubavu unaoshuka, na kuanzia tarehe 28 Juni 2011 vikapigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa huko. Vifo hivyo havina kelele. Plastiki inachoka au skrubu inalegea, ubavu unaachia kidogo, mwili wa mtoto unateleza ndani ya pengo, kichwa kinabanwa. Mzazi yuko chumba cha pili na hasikii kitu.

Sasa nani atampigia shangazi simu? Kurudisha zawadi ya mkubwa si jambo la kufanywa na mkwe. Mama mkwe mwenyewe alijitolea. "Wifi, tumepokea, tumeshukuru, Mungu akuzidishie. Ila ubavu umechomoka, na tumeambiwa vitanda vya namna hii vimeua watoto." Upande wa pili palikuwa kimya, kisha shangazi akasema maneno ambayo hadi leo namheshimu kwayo: tusimpe jirani wala tusikiuze, tukivunje, kwa sababu kikitoka nyumbani kwetu kizima kitamfikia mtoto wa mwingine. Tukakivunja siku hiyohiyo.

Tukaenda Keko, kwa mafundi seremala. Fundi wetu ni mtu wa kazi safi. Alichagua mninga, akaupiga randa, akausugua kwa msasa hadi ukateleza mkononi. Tulipokwenda kukagua, kila kona ya kitanda ilikuwa na kichwa cha mviringo alichokichonga kwa ustadi, na fito za ubavuni alikuwa amezipanga kwa jicho, zinapendeza. Mke wangu akatoa kopo tupu la soda kwenye mkoba, akalipitisha kati ya fito mbili. Likapita bila kugusa popote.

"Mtoto si kopo, dada," fundi alisema.

Mke wangu alimweleza taratibu, bila kumvunjia heshima. Tangu 1973 kanuni ya Marekani inataka nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, na kopo la kawaida la soda lina upana wa sentimita 6 na kitu. Mtoto mdogo hutanguliza miguu, kisha makalio, kisha kiwiliwili, vyote vinapenya, mpaka kichwa ndicho kinachokwama, naye akabaki ananing'inia kwa shingo. Fundi aliweka penseli sikioni, akapima mwenyewe kwa futi, akakubali kuongeza fito. Vile vichwa vya mviringo ndivyo vilivyomuuma, maana ndiyo sahihi ya kazi yake. Lakini kichwa cha kona hunasa ukosi wa nguo ya mtoto anayejaribu kutoka, na nguo ikinasa inamkaba. Akavikata, akasawazisha kona, akanikabidhi vile vichwa vinne kwenye mfuko. Nimevihifadhi, kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri kweli.

Tulimwomba pia asipake rangi ya mafuta ambayo haijulikani imechanganywa nini. Mtoto akianza kuota meno hutafuna ukingo wa kitanda, na rangi yenye madini ya risasi huharibu ubongo unaokua. Marekani iliiondoa risasi kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978. Mninga una rangi yake, hauhitaji ya kuazima.

Kitanda kikaja kwa guta, kimefungwa kamba, watoto wa mtaa wanakikimbilia. Mlango wa mbele kilipita. Ukumbini kikafika kwenye kona ya kuingilia chumbani kwetu, kikakataa. Tulikisimamisha, tukakilaza, tukakigeuza kichwa chini. Shemeji alishauri dirisha, lakini dirisha lina nondo. Jirani alishauri tukiache sebuleni. Hilo mke wangu alilikataa papo hapo: mtoto mchanga anatakiwa kulala chumba kimoja na wazazi, angalau miezi sita ya mwanzo, kitanda chake kikiwa karibu na chao, asikike akikoroma na anyonyeshwe bila safari. Kwa hiyo kitanda kilikesha ukumbini, na kila aliyekwenda msalani alijikunja kukipita. Fundi akaja na msumeno na keekee, akafungua maungo aliyoyatia gundi, akayarudisha kwa bolti na nati ndani ya chumba chenyewe. Kisha nikakitikisa kwa nguvu zangu zote, na hakikulia.

Godoro tulilikatisha kwa kipimo cha kitanda, gumu, lisiloacha alama ya kiganja ukilibonyeza. Kati yake na ubavu visipite vidole viwili. Mama mkwe alitaka nailoni ya dukani ibaki ili mkojo usiliharibu godoro, na wengi wetu tunafanya hivyo hata kwa makochi. Nailoni ikimfunika mtoto pua, hewa inaisha. Tuliitoa, tukatandika mpira wa kujifungulia uliobaki, tukaukaza sawasawa chini ya shuka.

Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote, nayo haikuhitaji fundi. Mama mkwe alikuwa amekuja na mto mdogo wa sufi alioushona kwa mkono, wa kumpa mjukuu kichwa cha duara. Shangazi alikuwa ametuma duveti. Rafiki za mke wangu walileta mito mirefu ya kuzungushia fito, yenye picha za twiga. Kila mtu alitaka upendo wake uwemo ndani ya kile kitanda. Na kitanda cha mtoto mchanga kinatakiwa kuwa kitupu: godoro, shuka lililokazwa, mtoto, basi. Ile mito ya kuzungushia Marekani iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2022.

Nesi wa kliniki ndiye aliyetusaidia. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaketi naye, akamweleza kwamba mtoto wa miezi ya mwanzo hana nguvu ya kugeuza shingo, na pua yake ikizama kwenye kitu laini anavuta tena hewa chafu aliyoitoa. Mama mkwe akauliza lililokuwa likimkaa moyoni: mtoto akilazwa chali, hatapaliwa na maziwa? Nesi akamwonyesha shingoni mwake mwenyewe: tukilala chali njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula chini, maziwa yakipanda yanarudi tumboni. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu.

"Mimi nimelea sita kwa mito hii," mama mkwe alisema.

"Na umewalea vizuri, mama," nesi alimjibu. "Huyu wa saba tumuongezee ulinzi."

Mto wa sufi haukutupwa. Upo mapajani mwa mke wangu kila anaponyonyesha, unamshikilia mkono. Hirizi ambayo bibi alitaka kuifunga shingoni kwa uzi tuliitundika ukutani, mbali, kwa ridhaa yake. Kilichobaki kumzunguka mtoto ni chandarua chenye dawa kile cha kliniki, kimetandazwa kwenye fremu juu ya kitanda na kuchomekwa kwa nje chini ya godoro, kisimlegee usoni wala kuacha kamba ndani. Binti yetu anaenda mwezi wa tano. Karibuni ataanza kukaa, kisha kusimama, na fundi ametoboa matundu ya kuteremshia chaga ili asije akaruka ukingo.

Si lazima kitanda kiwe cha mninga, na si lazima kiwe kipya. Ila kabla hujamlipa fundi au muuza mitumba, nenda na futi na kopo tupu la soda. Kopo likipita kati ya fito, usinunue.