Doa Lina Madaktari Wengi

Weka simu yenye doa mezani popote Kisumu, kwenye hoteli ya samaki, kwa kinyozi, hata matangani, uone jinsi tiba inavyowahi kufika kabla ya macho. Wa kwanza analamba kidole gumba, anasugua. Wa pili anasugua palepale kwa pindo la shati, maana alama ya kidole cha mwenzake sasa inamkera. Wa tatu anasema hivyo ni virusi, umefungua ujumbe wa mtu usiyemjua. Wa nne hana maoni, ila ana binamu yake huko Kondele anayetengeneza simu, na anaweza kumpigia sasa hivi ukimwazima simu yako, kwa kuwa yake haina salio.

Doa langu ni jeupe, liko chini kushoto, juu kabisa ya herufi A ya kibodi. Naliona kila ninapoandika neno lenye A, na wewe jaribu kuandika Kiswahili bila A. Nimeambiwa ni mvuke wa ziwa. Nimeambiwa ni kuchaji usiku kucha. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, alilitazama kwa miwani, akaitoa, akalitazama tena, akasema, "Huo ni uzee." Hakusema wa nani.

Kisha likafika kwa mama mkwe wangu, Ahero. Ahero wanalima mpunga, na penye gunia la mchele kila simu inayougua dawa yake ni moja. Simu yangu haikuwa imeona maji. Haikunyeshewa, haikutumbukia ndooni. Ilizikwa mcheleni usiku kucha hata hivyo, kwa sababu kwetu Wajaluo mtu habishani na maro wake, hata kwa jambo la sayansi. Asubuhi doa lilikuwa palepale, na tundu la chaja limejaa unga. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliwaonya wateja kwamba simu iliyolowa isitiwe kwenye mchele, kwani chembe zake zinaweza kuiharibu. Vizuri. Sasa nitafutieni mkwe wa kwenda Ahero kumsomea mama huyo onyo la Apple.

Silalamikii ujinga, nalalamikia haraka. Hakuna anayeuliza doa liko wapi. "Si hapo!" wanasema, wakigonga kioo kwa ukucha. Hapo ni juu tu.

Skrini za simu nyingi za bei ya wananchi ni LCD, na LCD ni nyumba ya ghorofa. Paani iko protekta, uliyoibandika mwenyewe. Chini ya protekta ni kioo chenye tachi. Chini ya kioo ni paneli, ambamo fuwele za kimiminika hufungua na kufunga njia ya mwanga. Halafu zinafuata karatasi nyembamba za kutawanya mwanga, na bamba la plastiki linaloupokea mwanga huo kutoka taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni, na karatasi ya kuurudisha juu. Chini kabisa, nyuma ya fremu, anaishi betri, mpangaji ambaye akinenepa nyumba nzima inajua. Doa linaweza kuwa la mpangaji yeyote kati ya hao. Fundi anayebomoa ghorofa yote kwa kosa la mpangaji mmoja, kisha akakudai wewe gharama ya kujenga upya, hajakutibu chochote.

Anza paani basi. Bandua protekta, malalamiko mengi yanaishia hapo. Tazama jinsi protekta zinavyobandikwa kando ya Oginga Odinga Street: kijana amesimama kati ya moshi wa matatu na jiko la mahindi ya kuchoma, anafuta kioo kwa kitambaa cha spiriti, vizuri, kisha anakipuliza kwa mdomo ili kuondoa vumbi. Vumbi linaondoka, mate yanabaki. Kitambaa nacho kimeshakipa kioo umeme tuli, kwa hiyo vumbi jipya linaitwa. Anabandika. Kinatokea kipovu. "Kitaisha chenyewe, jaduong'." Kipovu cha hewa tupu kweli kinaweza kuisha. Chenye chembe ya vumbi katikati hakiishi, kwa sababu chembe imeinua protekta na kujizungushia duara kubwa kuliko yenyewe. Mahali pazuri pa kubandika protekta ni bafuni, mtu akishaoga maji ya moto na mvuke ukatua pamoja na vumbi lake. Sasa mwambie kijana wa barabarani twende bafuni, uone atakavyokutazama.

Ukishabandua na doa likabaki, jiulize kama ni la skrini au ni la programu. Piga picha ya skrini, umtumie mtu mwingine. Doa likionekana kwake, basi ni kitu kinachochorwa na simu yenyewe. Lisipoonekana, liko kwenye skrini yako, maana picha hiyo huhifadhi kile simu ilichoamuru kionekane, haijui kioo kimekionyesha vipi. Shemeji yangu wa Homa Bay hili limemshinda. Alinitumia picha ya skrini nione doa lake. Nikamjibu naona picha safi. Akatuma nyingine, safari hii doa amelizungushia duara jekundu. Nikaona duara jekundu, ndani yake hamna kitu. Akaniambia simu yangu ndiyo mbovu, nipeleke kwa fundi.

Doa la shemeji lina miguu. Sitanii. Sisi wa ufuo wa ziwa tuna maradhi ya skrini ambayo Nairobi hawayajui. Mwezi unapoandama, wale wadudu wa ziwani ambao wataalamu wanawaita Chaoborus edulis hupanda kutoka majini kwa wingi mno, hata ukiwa Dunga unaona moshi umesimama juu ya ziwa na hakuna kinachoungua. Wanapenda taa. Wavuvi wa omena, wanaofanya kazi usiku kwa taa, wanawajua vizuri. Na fundi wa simu, ambaye wateja wake huja jioni wakitoka kazini, hufungua simu chini ya balbu, mlango wazi kwa sababu ya joto. Shemeji alibadilishiwa skrini jioni ya namna hiyo. Sasa akifungua ukurasa mweupe, kuna kivuli cha mdudu amelala chali kati ya paneli na taa ya nyuma, mzima, na mabawa yake. Alipomrudishia fundi, aliambiwa skrini ilikuja hivyo kutoka kiwandani.

Pasipo miguu, tofautisha vumbi na nukta iliyokufa. Skrini ya nukta 1080 kwa 2400 ina nukta 2,592,000, na kila nukta ya LCD ina vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha samawati. Weka picha ya rangi moja, ijaze skrini yote, kisha badilisha rangi. Kitone kidogo chenye kingo kali ambacho ni cheusi kwenye kila rangi, hiyo nukta imekufa. Kinachong'ang'ania wekundu au kijani hata picha ikiwa nyeusi, imekwama, na iliyokwama wakati mwingine hufufuka kwa zile programu za kupepesa rangi. Doa lenye kingo za ukungu ni vumbi au alama iliyo chini zaidi. Inamisha simu kidogo, ulitazame kwa upande: likihama kidogo ukililinganisha na herufi zilizo karibu nalo, haliko ghorofa moja na herufi hizo.

Usitegemee kiwanda kione haya kwa nukta moja. Kiwango cha kimataifa cha skrini bapa, ISO 13406-2 cha mwaka 2001, kilizipanga skrini kwa madaraja, na daraja la pili, ambalo watengenezaji wengi walilifuata, liliruhusu katika kila nukta milioni moja ziwepo 2 zinazowaka daima na 2 zilizozimika daima. Kwa hesabu hiyo, skrini ile ya 1080 kwa 2400 ingekuwa na nukta tano nyeusi na bado ingeitwa nzima. Mimi nikichelewesha kodi siku moja siitwi mzima.

Mwanga unaovuja pembeni unahitaji giza, na hapo Kisumu inatusaidia. Stima ikipotea majirani wanatafuta mshumaa, mimi natafuta picha nyeusi. Nainua mwanga wa simu hadi mwisho, naangalia kingo. "Watoto hawajala," anasema mama watoto, "na wewe umekaa unaangalia giza." Naangalia giza, ndiyo. Kwenye LCD weusi ni mlango tu uliofungwa, taa ya nyuma bado inawaka, kwa hiyo LCD haiwi nyeusi kabisa. Swali ni mwanga unatokea wapi. Sogeza kichwa huku na huku. Weupe ukihama nawe, hiyo ni tabia ya paneli, iache. Ukibaki palepale ukingoni, unavuja, na mara nyingi ni fremu iliyopinda au skrini ya kubadilisha iliyobandikwa kwa gundi kidogo upande mmoja na nyingi upande wa pili. Bana ukingo huo taratibu kwa vidole viwili; mwanga ukibadilika, umejua ni mgandamizo. Nimesema taratibu. Wa kusugua kwa gumba nawaona.

Katika haya liko moja tu ambalo sifanyii mzaha. Wingu la mwanga au la giza likitokea katikati ya skrini na kuendelea kukua, kisha simu ukiilaza mezani inazunguka badala ya kutulia, huyo ni betri amevimba anaisukuma paneli kwa nyuma. Zima, usichaji, usibonyeze irudi mahali pake, usitoboe. Peleka siku hiyohiyo.

Wenye OLED msicheke. Zenu hazina taa ya nyuma, kila nukta inajiwakia, kwa hiyo mwanga hauvuji pembeni. Zinachoka. Kitu kikikaa mahali pamoja muda mrefu, nukta za hapo huzeeka kuliko jirani zake, zile za samawati kwanza, na kivuli kinabaki. Waendesha boda wanabaki na kivuli cha ramani. Bwana mmoja wa mtaani kwetu Manyatta aliapa mbele ya mkewe na mchungaji kwamba ameacha kubahatisha mechi. Mkewe akaomba simu ampigie mamake, ukurasa mweupe ukafunguka, na pale juu, hafifu lakini inasomeka, nembo ya kampuni ya kubahatisha. Fundi hakuhitajika.

Na kabla hujalia kwamba skrini imekuwa nyeusi kabisa ukiwa Hippo Point mchana, vua miwani ya jua. Miwani mingine huchuja mwanga wa upande mmoja, na skrini hutoa mwanga wa upande mmoja. Ukiigeuza simu kwa upande, vinaweza kugombana.

Mafundi sasa. Wapo wengi wa kweli, ila nimechoka na yule wa sentensi moja: "Skrini imeisha, mzee." Hajaiwasha. Ameibonyeza katikati kwa gumba mpaka rangi zikatengeneza mawimbi, kana kwamba anapima ugali, halafu anakupa bei ya OG na bei ya kopi. Ukimuuliza imeisha vipi na unaiona inawaka, anasema itazima tu. Kila kitu kitazima tu, hata mimi.

Kule Kibuye nilimpata binti aliyenishangaza. Aliipokea simu kwa mikono miwili, akabandua protekta, akafunika taa ya meza yake kwa kofia, akaweka nyeupe, nyeusi, nyekundu. Akainamisha. Akaniuliza kama napanda matatu za Ahero zile za kubanana. Napanda. "Hili si vumbi, mzee. Kuna kitu kiligandamiza karatasi za taa ya nyuma. Halitakua, na kulitoa ni kubadilisha skrini nzima. Ungekuwa baba yangu ningekwambia ukae nalo." Nimekaa nalo. Alinidai pesa ya protekta mpya tu, na kabla ya kuibandika alifunga mlango.

Ukienda kununua simu ya mtumba usione aibu kufanya kama yule binti. Ule ubao wa "mali ikishauzwa hairudishwi" haujaishinda Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 46 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, lakini ni nafuu kuliona doa dukani kuliko kulijadili baadaye. Kwenye Samsung nyingi piga *#0*# na rangi za majaribio zitatokea zenyewe. Kwa nyingine nenda na picha tano: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, samawati. Omba pazia lifungwe na taa izimwe. Muuzaji akikwambia kwamba giza si lazima, rudisha pesa mfukoni upande tuktuk.