Jordi: Mwongozo kwa Baba Aliyekimbia Jembe

Umetazama mpira wa Hispania miaka nenda rudi, mkeo yuko mwezi wa nane, na majina ya Juma na Yohana umeyachoka. Unataka Jordi, kama Jordi Alba. Hongera. Hatua ni hizi.

1. Jifunze kulitamka. Jina ni la Wakatalani, watu wa Barcelona na jimbo lake la Katalonia. J yao ni laini, "sh" yenye mngurumo wa kooni, na mkazo uko mwanzo: JOR. Mtaani watamwita Jodi kabla hajatoka arobaini. Kubali mapema.

2. Usiulize maana. Jordi limetoka kwa Georgios la Kigiriki: ge ni ardhi, ergon ni kazi. Mfanya kazi ya ardhi. Mkulima. Yaani ulilitupa jembe la baba yako, ukapanda basi, ukapanga chumba mjini, kisha ukamrudishia mwanao jembe lilelile kwa Kikatalani.

3. Binamu yako Joji asialikwe kwenye sherehe. Atagundua kuwa mtoto ni wajina wake. George wa Waingereza, Jorge wa Wahispania, Giorgio wa Waitaliano na Yuri wa Warusi wote ni ukoo wa mkulima huyohuyo.

4. Ukichekwa, taja joka. Mlinzi wa Katalonia ni Mtakatifu Jordi. Wakatalani husimulia kwamba alimuua joka huko Montblanc, akamwokoa binti mfalme, na pale damu ilipomwagika pakaota waridi. Kila Aprili 23 mitaa ya Barcelona hujaa meza za waridi na vitabu vya kupeana zawadi, na siku hiyohiyo UNESCO iliitangaza mwaka 1995 kuwa Siku ya Vitabu Duniani. Tenga hela ya vyote viwili.

5. Jiandae kwa msajili. Enzi za Franco, dikteta wa Hispania, majina ya Kikatalani hayakuruhusiwa kwenye vyeti. Jordi wa nyumbani alikuwa Jorge wa serikalini. Februari 1974 Johan Cruyff, nyota wa Barcelona, alipata mtoto wa kiume Amsterdam, akamwandikisha Jordi hukohuko, akarudi Barcelona na hati za Kiholanzi mkononi. Karani akashikilia Jorge, Cruyff akashikilia Jordi, na Jordi akabaki. Siku 8 tu baada ya mtoto kuzaliwa, Cruyff na wenzake waliifunga Real Madrid 5–0 uwanjani kwake. Wewe huna bao hata moja dhidi ya Madrid, kwa hiyo nenda na kitambulisho na nakala tatu.

6. Mwisho, mpeleke kwa bibi yake. Atauliza maana ya jina, mwambie kweli. Atanyamaza kidogo, kisha atasema, "Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Nawe umechagua dunia nzima." Halafu atamwonyesha mjukuu ekari mbili nyuma ya nyumba, zilizokuwa zikikungoja wewe.