Sifa za Namba ya Toleo

Apewe heshima yake mheshimiwa 5.6.1, na ukoo wake wote wa tarakimu tatu na nukta mbili. Ni yeye anayemweka mtengeneza programu wa Ukunda kitako hata baada ya kazi kwisha. Wijeti ya kuchagua tarehe imerekebishwa na inafanya kazi, chai imepoa, lakini haiendi popote. Akijaribu kuichapisha kwa namba ya jana, npm, ghala la maktaba za JavaScript tangu 2010, linamrudisha mlangoni. Ni kama Kaya Kinondo hapo jirani na Diani: mgeni haingii msituni kabla ya kujifunga kaniki.

Tabia zake ni za kiungwana. Tarakimu ya kwanza ikipanda, kuna kilichovunjwa. Ya pili, kuna kilichoongezwa. Ya tatu, kuna kasoro iliyozibwa. Aliyeandika utaratibu huo, Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, aliacha na upenyo mtamu: maadamu ya kwanza ni sifuri, lolote laweza kubadilika. Wapo wanaokaa kwenye sifuri miaka nenda miaka rudi, bila kumwahidi mtu chochote.

Afrika Mashariki inamjua vizuri. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004 kwa ajili ya kliniki za Eldoret, ndio mama wa KenyaEMR. Toleo la 3 la OpenMRS limegawanywa vipande vingi vinavyochota vitufe na kalenda kutoka maktaba moja. Kalenda hiyo humhudumia hata Mhabeshi, ambaye mwaka wake una miezi 13. Ikikosea siku moja tu, mama wa Msambweni ataambiwa aje kliniki Jumapili. Ndiyo maana kila badiliko linalokubaliwa hutolewa kwanza kama toleo la majaribio, lenye mkia wa "pre" na namba ndefu. Apendaye usingizi hubaki na lililo imara.

Anayemwona mheshimiwa huyu ni udhia aulize habari za Machi 22, 2016. Mtengeneza programu Azer Koçulu aliondoa maktaba zake kutoka npm, ikiwemo left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi kushoto mwa maandishi. Miradi ikakwama dunia nzima. Msamaria mmoja akachapisha haraka msimbo wa kazi ileile, akauita 1.0.0. Haukusaidia: programu nyingi zilikuwa zimeagiza 0.0.3, na hazikutaka nyingine. Ikabidi npm wairudishe 0.0.3 yenyewe, Koçulu apende asipende.