Baba Yake Yuko Wapi?

Mwanamke akipanda daladala ya Masaki Jumapili na mwanawe, bila mwanaume pembeni, abiria wote hugeuka baraza la ukoo. Mwenye utu kuliko wote ni konda. Yeye hasemi zaidi ya “Dada, mpakate mtoto,” apate siti ya nauli nyingine. Waliobaki wanataka historia.

“Baba yake yuko wapi?” anauliza bibi wa dirishani, utadhani baba ni mwavuli uliosahauliwa kituoni. Mtoto wa miaka minne hajafundishwa kuficha ya nyumbani, basi anajibu kwa sauti: yuko Mbeya, ana mke mwingine na pikipiki. Hapo ushauri unamiminika. Mtoto wa kiume anahitaji mwanaume! Atadeka! (Huyo aliyesema atadeka ana ndevu, na viatu vyake vimeng'arishwa na mkewe.) Konda akipita kudai nauli, walezi wote ghafla wanatazama nje.

Pale Coco Beach, wanakoelekea mama na mwana, akina baba waliokamilisha familia zao wamejaa. Wamekaa kwenye viti vya plastiki, bia mkononi, wanabishana nani alistahili penalti, Simba au Yanga. Wake zao ndio wanaokimbizana na watoto majini, magauni yameloa hadi magotini. Baba mmoja ananyanyuka hatimaye, anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake, anapiga naye picha, anarudi kukaa.

Mama yetu wa daladala ameshanunua mihogo ya kukaanga. Mvulana anataka chachandu, lakini isiyo na pilipili.