Jinsi ya Kusoma Daftari la Mapishi la Tate

Ukurasa wenyewe wa daftari la tate, yaani bibi yangu, unasema hivi: "Sombe mafungu tano. Mawese ya makuta 20. Chumvi mukono moja. Maji mpaka kwenye kidole. Pika mpaka iive." Basi. Mistari mitano ya wino wa buluu kwenye daftari la shule la miraba, na hiyo sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndiyo iliyolisha nyumba nzima mtaani Majengo, Goma, kila Jumapili.

Aliyezoea mapishi ya gramu na dakika atadhani ukurasa huu umemficha kitu. Haujaficha. Vipimo vyote vimo, tena ni sahihi. Kazi yako ni kujua kila neno lilikuwa limesimama wapi siku lilipoandikwa: mbele ya muuzaji gani, juu ya sufuria gani, katika kiganja cha nani.

Anza na pesa. Katika madaftari ya Goma pesa ni kipimo kama kikombe, kwa sababu sokoni mtu haagizi kilo. Anaagiza nyanya za mia mbili, mafuta ya mia tano. Kwa hiyo tambua kwanza ni pesa ya wakati gani. Makuta yaliingia mwaka 1967 pamoja na zaire, makuta 100 kwa zaire moja. Ukikuta zaire za maelfu na mamilioni, yaelekea uko katika miaka ya 1990, kabla au baada ya zaire mpya ya 1993 iliyomeza milioni 3 za zamani kwa mkupuo. Ukikuta franka, tulia, maana kuna franka ya kabla ya 1967 na kuna ya 1998 hadi leo. Hapo waulize samaki. Sambaza hawakuwamo katika Ziwa Kivu tangu zamani. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa humu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha ikapita miaka mingi kabla hawajawa kitoweo cha kila siku. Franka na sambaza vikikaa mstari mmoja, karibu hakika daftari ni la baada ya 1998, hata kama shangazi anaapa kwamba ni la mama yake mkubwa.

Ukishajua enzi, usipige hesabu ya kubadilisha pesa. Mawese na chumvi havikupanda bei kwa mwendo mmoja, na hesabu hiyo itakupa sombe inayoelea mafuta. Uliza hivi: makuta 20 yalijaza chombo gani? Mimi tate alinijibu papo hapo: nusu chupa ya bia ya Primus. Chupa ya Primus ina sentilita 72, kwa hiyo nusu yake ni 36. Zaire na zaire mpya zote zimekwenda tangu mstari ule uandikwe, lakini chupa unaweza kuishika mkononi leo.

Fungu nalo lina mambo yake. Fungu la sombe la zamani lilikuwa majani ya kujaza mikono miwili iliyoungana. La leo hupungua mvua inapokosekana na mitumbwi isipofika Kituku, soko letu la kando ya ziwa. Halafu kuna matabishi, ile nyongeza ambayo mama muuzaji anakuongezea juu ukiwa mteja wake. Daftari halitaji matabishi, lakini sufuria iliyapokea. Mafungu matano yalikuwa matano na kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa unga na maharagi yaliyopimwa kwa Guigoz, kopo la maziwa ya watoto lililogeuka kipimo cha soko: lilijazwa mpaka kilima, na kilima ni sehemu ya kipimo. Makopo mengine ya siku hizi vitako vyake vimegongwa vikaingia ndani. Pitisha kidole chini ya kopo kabla ya kununua.

Neno "sombe" lenyewe limebeba nusu ya siku ya kazi. Kutwanga hakukuandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyepika sombe bila kuitwanga. Ndani ya kinu mle mle, kwa tate, viliingia majani ya vitunguu, bilingani moja na pilipili mboga. Katika daftari lolote la kwetu, lililoachwa bila kuandikwa ndilo lililojulikana na kila mtu nyumbani. Kwa hiyo usiridhike na wino. Muulize mwenye daftari alifanya nini kabla ya mstari wa kwanza.

Sasa mkono. Wako watakaokwambia kwamba mkono wa bibi haupimiki. Nilibeba mizani ndogo ya jikoni nikaenda nayo kwa tate. Kwanza alinionyesha kwamba "mukono" wake ni lile shimo la kiganja kilichofunguka, ambalo watu wa pwani wanaliita ukufi. Ngumi ya kufumba ingetia chumvi maradufu. Kisha akamwaga chumvi mara tatu kwenye mizani, akiwa anaongea na jirani dirishani: gramu 12, gramu 11, gramu 12. Miaka hamsini ya Jumapili imo katika namba hizo. Pima mkono wa tate wako ungali na joto, uandike namba pembeni.

Kidole ni kipimo chenye akili kuliko vyote, na hapa naomba usiharakishe. Gusisha ncha ya kidole juu ya sombe iliyomo ndani ya sufuria, umimine maji mpaka yafike kwenye kiungo cha kwanza. Kwa kuwa kidole kinaanzia juu ya chakula, kinafuata sufuria yoyote, nyembamba au pana. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto wake katikati ya mji, tate alivuka kwenda Gisenyi, Rwanda, na daftari likiwa ndani ya kitenge. Sufuria ya kijani, kikombe cha bati na kinu vilibaki. Kila kipimo kilichotegemea vyombo vile kilipotea siku ile. Kidole kilivuka mpaka pamoja naye.

Limebaki "mpaka iive". Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndugu yako wa Kinshasa, aliye chini yetu kwa zaidi ya mita 1,000, atakupa dakika zake kwa moyo mweupe na hazitakufaa. Maharagi ndiyo yatakayokufundisha haraka. Dakika hutoka mji mmoja na kukosea katika mwingine. Alama haikosei. Na kwa sombe, alama ni ulinzi: jani la muhogo lina kitu ambacho, jani likipondwa, hutoa sianidi. Mchi ndio unaoitoa, na mvuke wa sufuria isiyofunikwa ndio unaoiondoa. Kwa hiyo twanga hasa, acha kifuniko ukutani, chemsha mpaka ile harufu ya jani bichi iishe kabisa na kijani kikali kigeuke cheusi-cheusi. Ndipo utie mawese.

Nilimuuliza tate ataonaje kwamba imeiva. Alikuwa ameinama juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, akisogeza makaa kwa ncha ya kisu.

"Utaona mawese inapanda juu yenyewe. Na itaacha kupiga kelele."

Niliinamisha sikio. Kweli, sauti ya maji mengi ilikuwa imekwisha. Sombe ilikuwa ikipumua polepole, ploku, ploku, na duara za mafuta mekundu zikikusanyika pembeni. Yalikuwa yamepita masaa matatu.

Chini ya mstari wa tano nimeongeza kwa kalamu ya risasi: kutwangwa na majani ya vitunguu, bilingani moja, pilipili mboga, mawese sentilita 36, chumvi gramu 12, bila kifuniko, mafuta yapande, kelele ziishe, masaa matatu kwa makaa, Goma. Nilimpa tate asome. Alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno, akanirudishia daftari.

"Andika na sufuria ni ya namna gani, mutoto wangu. Ile yangu iko chini ya mawe."