Kufufua Laptopu Uliyoiua Mwenyewe

Hongera. Jana usiku uliingia kwenye bayosi, ile menyu inayoamka kabla ya Windows, ukapandisha kasi ya memori kwa sababu kijana fulani wa YouTube alisema gemu zitapaa. Ukahifadhi, ukawasha upya. Sasa feni inavuma kama mashine ya kusaga mahindi pale sokoni Misikhu, kibodi inameremeta rangi zote, na skrini ni nyeusi kama tako la sufuria. Usitoe jasho. Mashine itapona. Mgonjwa wetu ni jina lako.

Hatua ya 1. Tafuta mshtakiwa. Stima ndiyo bora. Kuanzia Webuye mpaka Kitale hakuna atakayekudai ushahidi ukisema, "Ilipotea, ikarudi kwa kishindo." Mjomba aliyeinunua "ya masomo" akikumbuka kwamba laptopu ina betri, hamia kwa virusi. Kirusi cha CIH, kilichotungwa na mwanafunzi wa Taiwan, kilifuta bayosi za kompyuta nyingi tarehe 26 Aprili 1999. Utaje mwaka huo polepole, kama mtu aliyekuwepo. Lakini usimsingizie mdogo wako. Ana mdomo, na alikuona.

Hatua ya 2. Usifanye lolote. Mipangilio ya memori ikibadilishwa, mashine huweza kuchukua dakika kadhaa kuipima upya kabla haijaonyesha chochote. Ipe kumi. Kaa mbele yake umekunja uso. Wapitao watadhani unatengeneza. Bado giza? Ichomeke kwenye televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI, maana huenda ulizima tu ile chipu inayolisha skrini.

Hatua ya 3. Funga mlango. Hapa ndipo kazi ilipo, na haifai kutazamwa. Chomoa chaja. Fungua skrubu za chini, uzipange juu ya karatasi kwa umbo lilelile zilivyotoka. Chomoa plagi ya betri kubwa, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliojificha uishe. Sasa tafuta betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032: volti 3, upana milimita 20, ndugu ya ile ya mizani ya jikoni. Kwenye laptopu nyingi imevikwa plastiki na ina nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Shika kiplagi chake kwa kucha. Ukivuta waya utazika leo. Iache nje dakika chache, rudisha betri zote mbili, washa. Skrubu moja ikibaki, itie mfukoni. Hiyo ni deni la fundi aliyekutangulia.

Hatua ya 4. Imekataa? Basi ni mojawapo ya zile mpya zinazotunza mipangilio ndani ya chipu yenye miguu minane, ambayo haijali betri. Panda matatu kwenda Bungoma au Kitale, umtafute fundi mwenye klipu na kifaa cha kuandikia chipu. Atakuuliza, "Mkubwa, uligusa nini?" Ukijibu, "Sikugusa kitu, fundi," atatabasamu, na bei itapanda hapohapo. Mimi nimelipia tabasamu hilo mara mbili. Kwake peke yake sema ukweli. Ndilo punguzo pekee utakalopata. Kisha jipatie heshima kwa maswali mawili. Chipu ni ya volti 3.3 au 1.8? Maana ya 1.8 ikipewa 3.3 huungua. Na je, atasoma na kuhifadhi yaliyomo kabla ya kuandika upya? Humo mna namba ya mashine, na mara nyingi leseni ya Windows pia. Uliza, halafu nyamaza. Swali la tatu litakuumbua.

Hatua ya 5. Imewaka! Usiite mtu bado. Saa imerudi miaka kadhaa nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao vya usalama, kwa hesabu ya saa hiyo, havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe. Sasa mwite mjomba, ufungue hati ya masomo, uguse kibodi kwa uchovu wa daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. Akiuliza ilikuwa nini, pumua kwanza, halafu sema, "Stima."

Ile menyu usiiguse tena. Angalau mpaka Jumamosi.